Namna ya Kulinda Chanzo cha Maji ya Kijiji Kinachozungukwa na Mashamba

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, maji ya kunywa hutoka kwenye kijito au chemchemi iliyo mlimani, huteremka kwa mserereko hadi kwenye tangi, na kutoka hapo husambazwa kwenye vituo vya kuchotea na, siku hizi, majumbani. Mabonde hayohayo yanayotoa maji ndiyo yenye udongo mweusi usiokauka wakati wa kiangazi. Ndiyo maana wazee wa Iringa na Njombe walilima humo vinyungu tangu zamani, wakavuna mahindi mabichi, maharage na mboga katika miezi ambayo mashamba ya mlimani yamekauka. Kinyungu cha zamani kililimwa kwa jembe na kwa nyasi zilizofukiwa matutani. Cha leo mara nyingi kinalimwa kwa mbolea ya viwandani, dawa ya magugu na bomba la mgongoni la kupulizia, na maji yanayopita chini yake ndiyo yaleyale yanayonywewa na watoto wa kijiji.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya waliokabidhiwa maji hayo. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, mradi wa maji wa kijijini huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho watu wengi bado wanakiita jumuiya ya watumia maji, chini ya uangalizi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: anayewauzia wananchi maji ndiye anayewajibika kwa usalama wa maji hayo, hata pale uchafu unapotoka kwenye shamba la mtu mwingine. Mkulima ana wajibu wake na nitaueleza, lakini kamati ya maji inayokaa ofisini ikingoja wakulima wajirekebishe wenyewe imeiacha kazi iliyochaguliwa kuifanya.

Anzeni kwa miguu

Kazi ya kwanza haihitaji fedha wala maabara. Chagueni siku ya mvua za mwanzo, mwishoni mwa Novemba au Desemba, mpande kutoka kwenye tangi hadi kwenye dakio, yaani mahali maji yanapochukuliwa kutoka kwenye chanzo, na kutoka kwenye dakio hadi juu kabisa ya bonde, mahali ambapo maji ya mvua yanagawanyika na kuanza kuteremkia upande mwingine. Ni rahisi kuishia kwenye dakio, kwa kuwa hapo ndipo mali ya mradi inapoishia, lakini uchafu haujui mpaka huo. Siku ya mvua ni muhimu vilevile, kwa sababu mifereji inayoleta tope na samadi haionekani wakati wa kiangazi. Ukipita Agosti utaona majani makavu tu, na utarudi nyumbani umeridhika bure.

Msiende viongozi peke yenu. Nendeni na mwenyekiti wa kitongoji, fundi wa mradi, afisa ugani, afisa afya wa kata, na wakulima wasiopungua wawili wenye mashamba katika bonde hilo. Nendeni pia na mama mmoja au wawili waliochota maji kijijini kwa miaka mingi, kwa kuwa wao wanajua, kuliko kipimo chochote mtakachonunua, ni mwezi gani maji hubadilika rangi, ni lini huwa na harufu, na ni mvua ya upande gani inayoyachafua.

Katika kila shamba andikeni zao linalolimwa, mbolea inayotumika na majira yake, dawa zinazopuliziwa, na mahali mkulima anapochota maji ya kuchanganyia dawa na kusuuzia bomba lake. Hili la mwisho halipewi uzito unaostahili. Mtu anayesuuza bomba la dawa kijitoni hatua chache juu ya dakio anaweza kuingiza kwenye maji, kwa dakika mbili, sumu nyingi kuliko ile ambayo shamba zima lingevujisha kwa msimu. Andikeni pia mazizi, mabanda ya nguruwe, sehemu ambazo ng'ombe huvuka au kunywa maji, vyoo, marundo ya samadi, chupa tupu za dawa zilizotupwa, na josho kama lipo. Josho lisahaulikalo ni hatari ya kipekee, kwa sababu dawa yake ya kupe hukaa shimoni kwa wingi, na siku linapofurika au kusafishwa yote hutafuta njia ya kuteremka. Kila mnaposimama, ulizaneni swali moja: mvua kubwa ikinyesha sasa hivi, maji ya hapa yatapita wapi? Mchoro mtakaorudi nao, hata ukiwa umechorwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, ndio msingi wa kila kitu kitakachofuata.

Kabla ya kumaliza zoezi hili, piteni kwenye maduka ya pembejeo mnakonunua ninyi wenyewe, mwulize muuzaji kwa heshima ni dawa zipi zinazotoka sana na katika miezi ipi. Orodha hiyo itawaokoa gharama kubwa wakati wa kupima, kama nitakavyoeleza.

Uchafu unaotoka shambani na njia zake

Kila aina ya uchafu ina njia yake ya kuingia kwenye maji na dawa yake ya kuuzuia, na kamati isiyotofautisha itatumia fedha mahali pasipo na tatizo.

Nitrati hutokana na mbolea na samadi, huyeyuka kabisa, haina rangi wala harufu, na chujio la mchanga haliizuii. Nawaombeni mfanye hesabu hii mbele ya mkutano, kwa sababu inaeleweka na kila mtu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Nitrojeni hiyo yote ikigeuka kuwa nitrati, hufanya takriban kilo 100 za nitrati. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, kwa hiyo mfuko mmoja ukisombwa wote unatosha kufikisha lita milioni 2 za maji safi kwenye ukomo huo. Kijiji cha watu 2,000, kila mmoja akipata lita 25 kwa siku kama Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilivyoelekeza, hutumia maji kiasi hicho kwa siku 40. Bila shaka mahindi hula sehemu kubwa ya mbolea na si yote inayofika kijitoni, lakini mvua kubwa inayonyesha siku moja baada ya mahindi kuwekewa mbolea ya kukuzia inaweza kuondoka na kiasi cha kutisha, pamoja na fedha za mkulima aliyeinunua. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa sababu nitrati huzuia damu yake kubeba oksijeni, naye huanza kugeuka rangi ya bluu midomoni na kwenye kucha. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapopungua kwa mvuke, nitrati hubaki sufuriani na kuongezeka ukali.

Vimelea vya samadi hutembea na maji yanayotiririka juu ya ardhi. Kipimo chake ni bakteria aina ya E. koli, ambao hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Klorini huwaua, lakini ndama wadogo hubeba pia kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kawaida haikiwezi, na kwa hiyo kuwaweka ndama mbali na chanzo kuna thamani ambayo hakuna unga wa klorini utakaoifidia.

Tope linaonekana kama kero ya macho tu, lakini ndilo gari la vitu vingine. Viuatilifu vingi na fosforasi ya mbolea husafiri vikiwa vimeshikana na chembe za udongo, na maji yenye tope hula klorini kabla haijafanya kazi. Mahali ambapo chanzo ni bwawa au lambo, fosforasi hiyo hulisha mwani wa kijani-bluu unaoweza kutoa sumu. Mwezi Agosti 2014, mji wa Toledo nchini Marekani, unaotegemea maji ya Ziwa Erie, uliwazuia zaidi ya watu 400,000 kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani uliostawishwa kwa sehemu kubwa na mbolea ya mashambani, na watu walionywa wasiyachemshe. Kijiji chenye lambo lililogeuka kijani kisidhani kwamba hilo ni jambo la miji ya mbali.

Lini na wapi pa kupima

Pimeni wakati tatizo lipo. Sampuli moja ya Julai, iliyochukuliwa kwa sababu gari lilikuwa linapita, haisemi lolote kuhusu Januari. Kwa miradi ya mserereko napendekeza vipindi vitatu: mvua kubwa ya kwanza ya msimu, juma linalofuata baada ya wakulima wengi kukuzia mahindi, na katikati ya kiangazi wakati vinyungu vinamwagiliwa na maji ya kijito ni machache. Kwa kisima kirefu mambo ni tofauti, kwa kuwa nitrati huteremka ardhini polepole na inaweza kuchukua miaka kufika. Huko vipimo viwili kwa mwaka vinatosha, mradi matokeo yaandikwe na kulinganishwa mwaka hadi mwaka. Kisima kilichopanda kutoka miligramu 10 hadi 20 na kisha 30 bado kiko ndani ya kiwango, lakini kinawaambia jambo ambalo si la kungoja.

Chukueni sampuli kwenye dakio, kwenye mtoko wa tangi, na kwenye bomba la mbali kuliko yote. Mkiwa na shaka na shamba fulani, ongezeni mbili, moja juu yake na moja chini yake, kwa siku na saa moja. Kwa vimelea, acheni bomba litiririke dakika mbili au tatu, tumieni chupa iliyotakaswa na maabara, msiguse mdomo wake, na muifikishe maabara ndani ya saa 24 ikiwa kwenye sanduku la barafu. Saa 6 ni bora zaidi. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo mikoani, na ombi lipitishwe kwa meneja wa RUWASA wa wilaya ili matokeo yabaki pia katika kumbukumbu za serikali.

Kupima viuatilifu ni ghali, na maabara nyingi hazina vifaa vyake. Hapo ndipo orodha ya duka la pembejeo inapofaa, kwa kuwa mtaomba dawa mbili au tatu zinazotumika kweli katika bonde lenu, badala ya kulipia orodha ndefu ya kemikali ambazo hakuna mtu wa kijijini amewahi kuziona. Tope, kwa upande mwingine, linapimwa kila siku na fundi mwenyewe kwa mrija maalumu wa plastiki wenye alama chini yake. Fundi mwenye mrija huo, anayeandika kila asubuhi, ataona mabadiliko ya bonde mapema kuliko maabara yoyote.

Mita 60 na kinachobaki nje yake

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Viongozi wengi wanaijua namba hiyo, na wengi huishia hapo. Kwenye mteremko mkali mita 60 ni kidogo, kwa sababu maji ya mvua huzivuka kwa muda mfupi sana, na kwa kisima kirefu zinaweza zisihusiane kabisa na mahali maji yanapotokea. Ujerumani, kwa mfano, ukanda wa pili wa ulinzi wa kisima huwekwa kwa kuhesabu umbali ambao maji ya ardhini husafiri kwa siku 50, muda unaotosha vimelea vingi kufa kabla ya kufika. Ninyi hamtahitaji hesabu kubwa kiasi hicho. Rudini kwenye mchoro wenu, na mgawanye bonde katika sehemu tatu: ya dakio na pembeni yake, ambamo haingii mtu ila fundi, ya kingo na mikondo ya maji, ambamo hakulimwi wala kuchungwa, na ya bonde lililobaki, ambamo watu wanaendelea kulima kwa masharti.

Ili mpaka huo uwe na nguvu, lazima uandikwe mahali patatu. Pa kwanza ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Pa pili ni sheria ndogo, ambayo halmashauri ya kijiji huiandaa, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, na halmashauri ya wilaya huithibitisha kabla haijatumika. Pa tatu ni Bodi ya Maji ya Bonde, kwa sehemu kubwa ya Iringa ikiwa ni ya Bonde la Rufiji, na kwa vijiji vinavyoteremkia ziwani ikiwa ni ya Ziwa Nyasa. Bodi inaweza kusaidia kupima na kuweka bikoni, yaani alama za mpaka, na kuanzisha mchakato wa eneo kutangazwa rasmi kuwa tengefu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Mchakato huo ni mrefu. Uanzeni mapema, na msisimamishe kazi nyingine kwa kuusubiri.

Kuhusu miti, nasema kwa mkazo: milingoti (mikaratusi) iondolewe kwenye chemchemi hatua kwa hatua, na mahali pake pawe na mikuyu, mizambarau ya porini na miti mingine ya asili ya bonde hilo. Pembezoni mwa mashamba, mkanda wa nyasi za vetiva au mabingobingo wenye upana wa hatua kadhaa huzuia tope vizuri kuliko uzio wa senyenge, na mabingobingo ni chakula cha ng'ombe anayefungwa zizini.

Kukubaliana na wakulima

Hapa ndipo miradi mingi inapoanguka. Mwenye kinyungu alikirithi kwa baba yake, na kwa familia nyingine ndicho kinacholipa ada ya shule. Kumfukuza kwa amri ya siku saba kunaleta kilimo cha usiku, uharibifu wa bomba na uadui utakaodumu kuliko kamati yenu. Kumwacha aendelee kama zamani ni kuwasaliti watumia maji. Njia iliyo katikati ni ngumu na ya polepole, lakini ipo.

Mwiteni kila mwenye shamba la ukanda wa kingo kwa mazungumzo ya peke yake kabla ya mkutano wa hadhara, tena mwendeeni shambani kwake, mkianza na wazee wa ukoo kama desturi ilivyo. Mwonyesheni matokeo ya vipimo, na mumwulize angehitaji nini ili asogee. Majibu yatatofautiana sana. Mmoja atataka eneo jingine la kijiji, mwingine miche ya parachichi au matofaa ya kupanda juu ya mpaka, mwingine mizinga ya nyuki ya kutundika ndani ya eneo linalohifadhiwa, mwingine maji ya bomba hadi shambani ili amwagilie mbali na kijito. Mwandikiane mkataba wenye tarehe, muda wa mpito na kitu ambacho kijiji kinaahidi, usainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na ahadi ya kijiji itimizwe kwanza.

Kwa wale wanaobaki bondeni kwa masharti, masharti yawe machache yanayoweza kukaguliwa. Mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili badala ya kumwagwa yote mara moja, ifukiwe, na isiwekwe mawingu makubwa yakiwa yametanda. Samadi irundikwe mbali na mikondo na kufunikwa. Makinga maji yachimbwe kufuata usawa wa mlima. Dawa ichanganywe na bomba lisuuzwe mahali pamoja palipotengwa, penye pipa la maji lililowekwa na mradi, na maji ya kusuuzia yanyunyiziwe shambani kwenye zao lenyewe. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, itobolewe isije ikachotewa mafuta ya kula, na ihifadhiwe hadi itakapokusanywa kwa utaratibu utakaoelekezwa na afisa ugani. Pipa la maji na eneo la kuchanganyia, kwa maoni yangu, ndiyo matumizi bora kuliko yote ya fedha ya mwanzo, kwa kuwa yanamwondoa mtu kijitoni bila kumnyima chochote.

Wapo waliotangulia katika njia hii. Tangu mwaka 1992, jiji la Munich nchini Ujerumani, ambalo hupata sehemu kubwa ya maji yake katika bonde la Mangfall, limekuwa likiwalipa wakulima wa bonde hilo kwa kila hekta ili walime kilimo hai. Karibu nasi zaidi, Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu nchini Kenya, uliozinduliwa mwaka 2015 kwa kuishirikisha kampuni ya maji ya Nairobi, huwasaidia wakulima wadogo kuchimba matuta na kupanda nyasi ili tope lisifike kwenye mito inayoihudumia Nairobi. Kijiji hakina fedha za Munich, lakini mantiki ni moja: anayekunywa maji chini huchangia gharama za anayeyatunza juu.

Mchango huo utoke kwenye mauzo ya maji. Napendekeza sehemu moja kati ya ishirini ya mapato iwekwe kwenye akaunti ndogo ya ulinzi wa chanzo, isiyoguswa kwa dizeli, posho wala vipuri, na taarifa yake isomwe katika kila mkutano mkuu.

Klorini na daftari lake

Ulinzi wa bonde hauondoi haja ya klorini. Kwa tangi la lita 50,000, dozi ya miligramu 2 kwa lita ni gramu 100 za klorini halisi, na kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65 hiyo ni takriban gramu 154. Korogeni kwanza kwenye ndoo ya plastiki, acheni ituame, mimineni maji ya juu, na msubiri nusu saa kabla ya kufungulia. Kwenye bomba la mbali kuliko yote klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikishuka ghafla ilhali dozi haijabadilika, kuna kitu kimeingia kwenye maji, na fundi aelekee dakioni badala ya kuongeza unga tu.

Kisa cha Walkerton, mji mdogo wa Ontario nchini Kanada, kinastahili kusomwa na kila kamati. Mwezi Mei 2000, baada ya mvua kubwa, samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani iliingia kwenye kisima kifupi cha mji huo. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilibaini kwamba mkulima alikuwa amefuata taratibu zilizokubalika za kutumia samadi, na haikumlaumu. Ilichokikuta ni waendeshaji waliokuwa na mazoea ya kutia klorini pungufu na kuandika daftarini vipimo ambavyo hawakuvipima, matokeo mabaya ya maabara yaliyofichwa, na kisima kisicho na kifaa cha kupima klorini na tope mfululizo, ambacho kingezuia maafa yale. Nakitaja kwa uchungu kwa sababu daftari la namba zinazofanana siku 30 mfululizo si jambo geni. Mkaguzi wa kamati alitazame daftari kila juma, na mara moja kwa mwezi, bila taarifa, apime mwenyewe pamoja na fundi.

Siku uchafu unapoingia

Amueni mapema, kwa maandishi, nani ana mamlaka ya kufunga vali kuu bila kuomba ruhusa. Awe fundi aliye zamu. Mtu akikuta samaki au vyura wamekufa kijitoni, bomba la dawa limeangukia majini, au harufu ya dawa kwenye tangi, vali ifungwe kwanza na simu zifuate: mwenyekiti wa chombo cha maji, mtendaji wa kijiji, meneja wa RUWASA wa wilaya, afisa afya, na ofisi ya bodi ya bonde. Chukueni sampuli kabla ya kumwaga tangi, vinginevyo hamtajua kilichoingia, na kama kuna kesi hamtakuwa na ushahidi.

Tangazo kwa wananchi litofautishe hatari, kwa kuwa ushauri unaofaa kwa moja ni hatari kwa nyingine. Ikiwa ni vimelea, watu waambiwe wachemshe maji hadi yachemke kwa nguvu. Ikiwa ni dawa ya shamba au nitrati, waambiwe waziwazi wasiyachemshe wakidhani yatakuwa salama. Kwa dawa, maji yasitumike kabisa kunywa wala kupikia. Kwa nitrati, watoto wachanga na mama wajawazito wapewe kwanza maji kutoka chanzo kingine. Litangazwe kwa kipaza sauti, misikitini, makanisani, shuleni na kwenye kundi la simu la kijiji, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu bibi anayemkorogea mjukuu uji huenda haelewi tangazo la ofisini. Maneno yanaweza kuwa haya: «Ndugu wananchi, maji ya bomba ya kitongoji hiki yameingiwa na dawa ya shambani. Msinywe, msipikie, msimpe mtoto, na kuyachemsha hakusaidii. Maji salama yanapatikana shuleni kuanzia saa mbili asubuhi, bila malipo. Tutawaambia yatakapokuwa salama.»

Safisheni tangi na bomba kwa maji safi kuanzia juu kwenda chini, mkiyamwaga mahali ambapo hayatamfikia jirani wa bonde la chini. Msifungue huduma kwa kuwa maji yanaonekana meupe. Subirini sampuli mbili zilizochukuliwa siku tofauti zikirudi zikiwa ndani ya kiwango, bandikeni matokeo yake kwenye kila kituo cha kuchotea, na ndipo fundi afungulie vali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akiandika saa na kusaini daftarini.